Mkombozi, Mjomba na Mtani: Maneno ya Ukombozi Yasikiwavyo Uluguru

Hakuna fungu la mafundisho yetu lililojaa maneno ya kuazima kama fungu lile lihusulo mauti ya Bwana wetu na manufaa yake. Mwalimu asimamaye mbele ya wakatekumeni wake huko Mgeta au Matombo husema kwa pumzi moja kwamba Kristo ametukomboa, ametoa fidia, amekuwa kafara, ametupatanisha na Mungu, na ameishinda dhambi na mauti. Wasikilizaji huitikia, somo huendelea. Lakini kila neno katika hayo lina kwao. Moja latoka sokoni, jingine barazani kwa kadhi, jingine katika vita. Nalo liingiapo sikioni huingia pamoja na watu wa kwao wote. Nia yetu ni kuyapima maneno hayo kama yasikiwavyo milimani Uluguru, kisha kuonyesha desturi mbili za Waluguru ambazo, kwa maoni yetu, zamfaa mwalimu kuliko baadhi ya maneno yaliyopanda kutoka pwani.

Tuanze na kukomboa. Neno hili ni la Kibantu, wala halikuletwa na jahazi. Maana yake ya kila siku ni kutoa mali ili kurudisha kilicho chako kilichomo mkononi mwa mwingine. Mtu hukomboa shamba aliloliweka rehani, au jembe alilolikopea nafaka wakati wa njaa. Anunuaye hupata asichokuwa nacho. Akomboaye hurudishiwa kilichokuwa chake tangu mwanzo. Hapo ndipo ulipo uzuri wa neno. Mtume Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, husema pia habari ya kununuliwa, wala hatumsahihishi Mtume. Ila mwalimu atakayeshikilia kununua peke yake atawafanya wasikilizaji wadhani kwamba kabla ya msalaba sisi hatukuwa wa Mungu.

Katika nchi hii, hata hivyo, neno kukomboa lina historia ambayo mwalimu hawezi kuipita. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868 wakitoka Unguja, nao wakawatoa watoto na watu wazima katika utumwa kwa fedha taslimu, ambazo sehemu yake ilichangwa na watoto wa Ulaya kwa njia ya Shirika la Utoto Mtakatifu. Kutoka Bagamoyo misioni ilipanda bara: Mhonda katika milima ya Nguru mwaka 1877, kisha Morogoro, chini ya Uluguru, katika miaka ya 1880. Jamaa za kwanza za Kikristo huko Mhonda zilikuwa za watu waliokombolewa Bagamoyo. Basi, ukombozi kwa watu hao haukuwa mfano wa mambo ya rohoni. Ulikuwa na bei, na kila mmoja wao aliweza kukumbuka ni nani aliyemtoa na ni nani aliyepokea.

Kwa watu wa namna hiyo maswali mawili hayakuepukika, nayo hayajazeeka. La kwanza: aliyekombolewa ni wa nani? Wakombolewa wa Bagamoyo walilelewa, wakasomeshwa, wakalima mashamba ya misioni, wakaozwa na kupewa nyumba katika kijiji cha Kikristo. Paul Kollman, padre na mwanachuoni, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameonyesha kwa barua na kumbukumbu za misioni yenyewe jinsi watu hao walivyoyapima maisha hayo kwa akili zao: wengine walikaa na kuyafanya kuwa yao, wengine waliondoka bila ruhusa. Sisi hatuoni aibu kulisema jambo hili mbele ya wanafunzi. Mtu akitolewa kwa bwana mmoja akapewa mwingine, huyo amehamishwa, hajakombolewa. Na mwalimu asiyeliona hilo atafundisha ukombozi kwa namna ya kuwafanya watu watumwa wa kanisa.

Swali la pili ni gumu zaidi: fedha ile alipewa nani? Alipewa mfanya biashara ya watu, naye hakuwa na haki nayo hata kidogo. Swali hili lililisumbua Kanisa tangu zamani. Orijeni katika karne ya 3, na Gregori wa Nisa katika karne ya 4, walisema kwamba shetani alitushika, naye ndiye aliyepewa Kristo kuwa fidia, akadanganyika kama samaki amezaye chambo asione ndoana. Gregori wa Nazianzi, rafiki wa huyu wa Nisa, alichukizwa na usemi huo. Yawezekanaje mnyang'anyi alipwe, tena alipwe Mungu mwenyewe? Wala hakukubali kwamba Baba ndiye aliyelipwa, kwa kuwa si Baba aliyetufunga. Hata mwisho wa karne ya 11, yapata mwaka 1098, Anselmi wa Canterbury aliandika kwamba shetani hana deni analotudai. Deni ni la heshima ya Mungu tuliyoivunja, na deni hilo yapasa lilipwe na mwanadamu, lakini hakuna awezaye kulilipa ila Mungu, ndiyo sababu Mungu akawa mwanadamu. Kanisa halikuamua kwa mtaguso ni ipi katika njia hizi iliyo ya lazima. Lilikiri kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu na dhambi zetu, likawaachia walimu wake mifano.

Maneno mawili ya Kiarabu yafuata. Fidia, ambayo Biblia ya Kiswahili huitumia katika Injili ya Marko, sura ya 10, ni mali itolewayo ili mtu aachiliwe. Na kwa jirani zetu Waislamu ni chakula apewacho maskini kwa ajili ya siku ambazo mzee au mgonjwa hakuweza kufunga. Neno hili ni safi, ila laleta fikira ya kadiri iliyopimwa, kibaba kwa siku. Kafara ni neno la hatari zaidi. Shina lake ni moja na lile la Kiebrania litumikalo katika kitabu cha Walawi kwa kufunika au kufuta dhambi, na kwa sababu hiyo wanachuoni wengi wangelipenda. Lakini sikio la msikilizaji halijui Kiebrania. Pwani, kafara ni kitu kitolewacho ili balaa ipite: mnyama huchinjwa, au kitu hutupwa njia panda, na mpita njia mwenye akili hakigusi. Na katika miji ya siku hizi, Morogoro ikiwamo, neno hili limeshuka chini zaidi: watu hunong'ona kwamba tajiri fulani “amemtoa kafara” mwanawe ili apate mali. Mwalimu asemaye kwamba Mungu alimtoa Mwanawe kafara, pasipo kueleza, afikiri kidogo juu ya kile alichokisikia kijana aliyeketi mstari wa nyuma.

Wafasiri wa Biblia ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, walichagua upatanisho kwa neno lile la Walawi, nasi twaona walifanya vema. Kupatana ni kufikiana. Walakini ni neno la sokoni vilevile: mnunuzi na mwuzaji hupatana bei, huyu akipunguza na yule akiongeza. Yatupasa kulifundisha pamoja na waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 5, ambamo Mungu si mmoja wa wagomvi wawili wanaosuluhishwa na mtu wa tatu. Yeye ndiye apatanishaye, na anayerudishwa ni ulimwengu.

Sasa tupande mlimani.

Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa lukolo la mama yake, na matawi ya lukolo huitwa tombo, yaani titi, kwa kuwa walionyonya titi moja ni kitu kimoja. Ardhi ya mlimani ilishikwa kwa lukolo. Mtu akiua, au akiingia katika deni asiloliweza, aliyedaiwa hakuwa yeye peke yake bali watu wa tumbo la mama yake, na aliyesimama mbele kujibu alikuwa mjomba. Baba huheshimiwa na hupendwa, lakini katika shauri la namna hii baba ni mtu wa ukoo mwingine. Uwezo wa mjomba ulikuwa na pande mbili, wala tusiufiche wa pili. Katika makabila haya ya mashariki yafuatayo ukoo wa mama, mjomba aliyeweza kumkomboa mpwa ndiye pia aliyeweza kumweka rehani, au kumtoa kuwa malipo ya damu iliyomwagwa na mwingine wa ukoo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, katika kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa mwaka 1903, ataja deni la damu miongoni mwa milango iliyowaingiza watu huru utumwani.

Mtu aliyekua katika desturi hii akisikia neno mkombozi, hamtazami tajiri mwema apitaye njiani. Amtazama ndugu wa mama yake. Na hapo, bila kujua, amesimama karibu sana na Agano la Kale kuliko msomaji wa Ulaya. Sheria ya Walawi, sura ya 25, yasema kwamba Mwisraeli akiuza shamba lake au akijiuza mwenyewe kwa umaskini, ndugu yake wa karibu ana haki na wajibu wa kumkomboa. Na Boazi, katika kitabu cha Ruthu, hawezi kufanya neno mpaka yule aliye karibu zaidi kwa ukoo amejitoa. Asiye ndugu hana haki ya kukomboa, hata kama ana fedha. Kumbe Waraka kwa Waebrania, sura ya 2, hausemi jambo geni usemapo kwamba ilimpasa Mwokozi kufanana na ndugu zake katika mambo yote, kushiriki damu na nyama. Kwa Mluguru hilo si pambo la habari, ndilo sharti la kwanza. Kabla ya kuuliza amelipa nini, atauliza: ni wa lukolo gani? Mwalimu aanzaye katekisimu ya ukombozi kwa msalaba, akiiruka Noeli, amelipita swali hilo.

Tena desturi hii hufichua kosa moja la ufundishaji lililoenea mno. Twasema, na kwa haki, kwamba Baba alimtoa Mwanawe. Lakini baba wa Kiluguru hana ruhusa ya kumtoa mtoto. Akimtoa, wajomba watauliza alipata wapi haki ya kutoa kisicho chake. Na msikilizaji wa kabila jingine, ambako baba ana haki zote, atasikia vibaya kwa namna yake: atamwona baba mkali apozwaye hasira kwa damu ya asiye na kosa. Wote wawili huponywa na fundisho moja, ambalo Injili ya Yohane, sura ya 10, na Waraka kwa Wagalatia, sura ya 2, hulisema waziwazi: Mwana alijitoa mwenyewe. Mapenzi ya Baba na mapenzi ya Mwana ni mamoja, na hakuna mmoja aliyemweka mwenziwe rehani. Wala mjomba wa milimani hafiki hapo, kwa kuwa alipolipa kwa mtu, alilipa kwa mtu mwingine.

Desturi ya pili ni utani. Wasomaji wetu wengi wanaujua utani wa kabila kwa kabila, lakini Uluguru uko pia utani wa ukoo kwa ukoo, nao ulichunguzwa na mwanachuoni wa Marekani, James Christensen, katika makala yake ya mwaka 1963. Mtani si mchekeshaji tu. Palipo na msiba, kuna kazi ambazo wafiwa hawaziwezi, si kwa udhaifu wa mikono bali kwa sababu wote wamo ndani ya uchafu wa mauti: nyumba ya marehemu isafishwe, mjane atakaswe, watu warudishwe katika maisha ya kila siku. Vivyo hivyo mtu aliyevunja mwiko mkubwa, kama ule wa kuingiliana na ndugu wa damu. Ukoo wenye unajisi hauwezi kujitakasa, kama vile mwenye macho yenye mavumbi asivyoweza kujipuliza. Huitwa mtani. Yeye ni wa nje, unajisi wa ukoo huu haumshiki, kwa hiyo aweza kuugusa na kuuondoa.

Tuziweke desturi hizi mbili pamoja, maana hapa ndipo penye jambo tulilotaka kulisema. Akomboaye sharti awe wa ndani, damu yetu. Atakasaye sharti awe wa nje, asiyeshikwa na uchafu wetu. Waluguru waliona mahitaji yote mawili kwa usahihi mkubwa, wakayagawa kwa watu wawili, kwa sababu katika wanadamu haiwezekani mtu mmoja awe wa ndani na wa nje pamoja. Mtaguso wa Kalkedoni, mwaka 451, ulikiri kwamba Kristo mmoja ni Mungu kweli na mtu kweli, pasipo kuchanganyika wala kutengana. Na Anselmi aliposema kwamba alipaye yapasa awe mtu na ni lazima awe Mungu, alisimama juu ya msingi huo. Mapadre wetu hujifunza Kalkedoni seminarini kama jambo la Wagiriki na maneno yao magumu. Mzee wa Kinole aliyeketi msibani, huku mjomba akishughulikia deni la marehemu na mtani akifagia nyumba, angeweza kuelewa swali lililoleta mtaguso ule kabla hajaambiwa jibu.

Hatusemi kwamba desturi ni Injili. Mtani hulipwa, na asipolipwa hujitwalia. Naye ataitwa tena kwa msiba ujao, kwa kuwa utakaso wake hautoshi ila kwa kifo kile kimoja, kama zile sadaka za kila mwaka ambazo Waraka kwa Waebrania, sura ya 10, wazilinganisha na sadaka iliyotolewa mara moja. Yuko pia atakayesema kwamba mtani ni mtu wa mizaha, na haifai kumtaja karibu na Ijumaa Kuu. Lakini mizaha ya msibani ina kazi yake. Mtani humwigiza marehemu, huwasimanga wafiwa, hukataa kuiachia mauti heshima yote inayoidai. Na Mtume Paulo, mwishoni mwa sura ya 15 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, akiazima maneno ya nabii Hosea, huigeukia mauti na kuiuliza uchungu wake umekwenda wapi. Ni sauti ya mtu aliyeingia nyumba ya msiba naye haogopi.

Hivyo twafika kwenye ushindi. Mwaka 1930 Gustaf Aulén, mwanateolojia wa Kilutheri wa Uswidi, alifundisha kwamba wazo kuu la Kanisa la kale juu ya msalaba halikuwa deni wala adhabu, bali vita: Kristo apambana na dhambi, mauti na ibilisi, na kuwashinda. Kiswahili chetu humsaidia kwa njia ya ajabu kidogo. Kushinda ni kupata nguvu juu ya adui. Na kushinda ni kukaa mahali tangu asubuhi hata jioni, kama vile mtu anavyoshinda shambani au anavyoshinda na njaa. Sisi hatudhani kwamba maana hizo mbili zinagombana. Bwana alishinda kaburini siku ya Sabato nzima, na kwa kushinda humo aliishinda.

Lakini Uluguru, kama nchi zote za kusini na mashariki, hukumbuka ahadi nyingine ya kuishinda mauti. Katika upande wa kusini wa milima hii palikuwa na pango la Kolelo, ambako wajumbe walifika hata kutoka Uzaramo kuomba mvua. Mwaka 1905 maneno yaliyohusishwa na Kolelo yalisambaa: kodi ya Wajerumani isilipwe. Na katika nchi ya Rufiji Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji, akiahidi kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Vita vikaendelea hata 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko bunduki. Hatutaji habari hizi ili kuwacheka waliokufa. Walikuwa na haki ya kutaka uhuru, na walihitaji ahadi iliyo kubwa kama woga wao. Twataja kwa sababu mwalimu asimamaye usiku wa Pasaka mbele ya maji ya ubatizo asimama mbele ya watu ambao babu zao waliahidiwa jambo fulani juu ya maji. Maji ya Ngarambe yaliahidi kwamba mtu hatakufa. Maji ya ubatizo, kama Waraka kwa Warumi, sura ya 6, unavyoeleza, humwingiza mtu katika kufa na kuzikwa pamoja na Kristo. Hayazuii risasi, wala hayakumzuia askari kumchoma Bwana mkuki. Padre atakayehubiri ushindi wa Pasaka bila kulisema hilo kwa maneno wazi amewagawia watu maji ya namna ile ya kwanza. Na siku mtoto wa kwanza aliyebatizwa atakapokufa kwa homa, wazazi watamwuliza.

Tofauti hiyo huonekana vizuri zaidi mwezi wa Novemba, Wakristo waendapo kusafisha makaburi siku ya Marehemu Wote. Mikono ni ile ile iliyofagia makaburi kwa ajili ya tambiko, na mara nyingi majina yatajwayo ni yale yale ya lukolo. Katika tambiko wazee humwaga pombe na unga, wakiwaomba mizimu wasiwasumbue walio hai na wazuie maradhi. Katika sala ya Novemba, walio hai ndio wawaombeao waliolala. Wala hakuna atakiwaye kupozwa. Palipo na mtani, hata siku hiyo hufika kudai chake, naye hupewa.